Mtoto Asiye na Jina: Kuisoma Upya Dhambi ya Daudi

Wahakiki wetu wamezoea kuwaachia Biblia mapadri na wachungaji. Tunahakiki riwaya, tunahakiki tamthiliya, tumegombana miaka nenda miaka rudi juu ya mashairi yenye vina na yasiyo na vina, lakini hadithi zilizotulea tangu shule ya Jumapili hatuzigusi, kana kwamba zikihakikiwa zitavunjika. Basi zinasomwa ovyo. Riwaya ikisomwa ovyo, anayepata hasara ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Hadithi hizi zikisomwa ovyo, wanaumia watu waliokwisha umia.

Chukua msiba wa mtoto mchanga. Siku ya kwanza watu wanalia pamoja. Siku ya tatu, waombolezaji wakishaanza kupungua, hakosekani mtu wa kumvuta mama pembeni: "Mwanangu, hebu jichunguze. Jambo kama hili haliji bure." Ukimuuliza kayatoa wapi hayo, atakujibu kwa andiko, na andiko linalotajwa sana ni Samweli wa Pili, sura ya 12. Daudi alifanya dhambi, mtoto wake akafa. Kwisha. Eti penye kaburi dogo pana dhambi kubwa. Mafundisho ya "laana za ukoo", yaliyotembea kwa kaseti za mahubiri miaka ya 1990 na leo yanatembea kwa simu, nayo hupenda kusimama papo hapo.

Mimi nasema hesabu hiyo haimo katika hadithi. Sisemi hadithi ni nyepesi. Ni nzito kuliko tunavyoambiwa, na iko sehemu moja ambayo hata ukiisoma mara kumi inabaki kooni kama mwiba wa samaki. Lakini anayeitumia kumshitaki mama mfiwa ameigeuza juu chini. Nitajaribu kuonyesha hivyo kwa njia zetu za kawaida za uhakiki: msuko, wahusika, na maneno anayoyarudiarudia msimulizi. Msomaji awe na Biblia yake karibu, anikosoe.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ufupi. Ni majira ya vita. Jeshi la Israeli limeuzingira mji wa Raba wa Waamoni, mfalme Daudi kabaki Yerusalemu. Jioni moja anatembea juu ya dari la jumba lake, anamwona mwanamke akioga. Anauliza ni nani, anaambiwa ni Bathsheba binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti. Yaani anaambiwa mapema kabisa kwamba huyu ni mke wa mtu, tena mke wa askari wake aliye vitani. Hata hivyo anamleta, analala naye, mwanamke anarudi kwake. Mimba inaingia. Mfalme anamwita Uria kutoka vitani na kumhimiza aende nyumbani, ili mtoto apate baba wa kusingiziwa. Uria anakataa katakata: vipi yeye ale, anywe na alale na mkewe wakati wenzake wamelala uwanjani? Basi Daudi anamrudisha vitani na barua ya jemadari Yoabu. Barua inaagiza Uria awekwe penye mapigano makali, wenzake warudi nyuma, afe. Uria aliibeba barua hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Akafa, na askari wengine wakafa pamoja naye. Mjane akaomboleza, maombolezo yakaisha, mfalme akamwoa. Mtoto wa kiume akazaliwa.

Sasa angalia takriri. Katika sura ya 11 kitenzi kimoja cha Kiebrania kinarudi tena na tena, nacho kwa Kiswahili ni *tuma*, au *peleka*. Daudi anamtuma Yoabu vitani. Anatuma mtu kuuliza habari za mwanamke. Anatuma wajumbe wamlete. Anatuma kwa Yoabu aletewe Uria. Anapeleka barua. Yoabu anatuma taarifa. Daudi anatuma mjane aletwe jumbani. Mfalme huyu hasogei alipo! Hana tope miguuni wala damu mikononi. Kila kitu kinafanywa na watu waliotumwa, na kila mmoja wao angeweza kusema, "Mimi niliagizwa tu." Tunaoishi chini ya wakubwa wa aina hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Halafu sura ya 12 inafunguliwa kwa kitenzi hichohicho, ila mtumaji kabadilika. Sasa ni Mungu anayemtuma nabii Nathani kwa Daudi. Wasikilizaji wa kale, ambao wengi wao walizipokea hadithi hizi kwa masikio, nadhani waliguna hapo. Mtumaji katumiwa mtu.

Kitenzi cha pili ni *twaa*. Kwa wajumbe wake Daudi alimtwaa Bathsheba. Katika mfano wa Nathani, tajiri anamtwaa kondoo wa maskini. Nathani akimshitaki mfalme waziwazi, kosa analolitaja ni kwamba amemtwaa mke wa Uria. Kitenzi hicho kina historia. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 8, watu walipodai kuwa na mfalme kama mataifa mengine, mzee Samweli aliwaonya huyo mfalme atakuwa mtu wa namna gani: atatwaa vijana wao, atatwaa mabinti wao, atatwaa mashamba yao. Kwa hiyo tukiiita dhambi hii "uzinzi" tu tunaipunguza. Ni mwenye nguvu kutwaa, kisha kutuma watu wafunike alichotwaa. Na wale wanaomfanya Bathsheba kuwa mshawishi, eti kwa nini alikuwa anaoga, wanaongeza mambo ambayo hayamo. Msimulizi hamlaumu popote. Nathani hamlaumu. Katika mfano yeye yuko upande wa kondoo, na kondoo hakumshawishi tajiri.

Mfano wenyewe umesukwa kwa ufundi. Maskini ana kondoo mmoja tu, kamnunua, kamlea pamoja na watoto wake. Kondoo anakula chakula cha bwana wake, anakunywa kikombe chake, analala kifuani pake, amekuwa kwake kama binti. Hebu rudi kwa Uria: kula, kunywa, kulala na mkewe. Ni vitenzi vilevile vitatu alivyovikataa Uria mbele ya mfalme. Na neno *binti*? Kwa Kiebrania ndilo sehemu ya kwanza ya jina la Bathsheba. Nathani anamwambia Daudi kila kitu na Daudi hasikii. Anawaka hasira, anatoa hukumu: mtu huyo anastahili kufa, tena amlipe yule kondoo mara nne. Mara nne ndiyo sheria ya mwizi wa kondoo katika Kutoka 22. Ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Kinaya cha hali ya juu: mfalme kajihukumu kwa mdomo wake.

Daudi anakiri. Hapa sifa zake apewe, maana wafalme wengi wangemkata nabii kichwa. Nathani anamjibu kwamba dhambi yake imeondolewa, hatakufa. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa "kuondoa" ni cha kuvusha, kupitisha kitu upande wa pili. Kisha, kwa pumzi ileile, Nathani anasema mtoto aliyezaliwa atakufa. Mstari unaofuata unasema bila kupepesa kwamba Mungu alimpiga mtoto, akaugua.

Huu ndio mwiba wenyewe. Imevushwa kwenda wapi hiyo dhambi? Kosa la mtoto ni lipi? Wako wasomaji wanaopitia hapa mbiombio wakikimbilia toba ya Daudi. Mimi nadhani ni lazima tusimame, na nimeona njia tatu ambazo watu huzitumia kuvuka.

Wa kwanza husema mtoto alilipa deni la baba. Lakini baba mwenyewe hakulielewa jambo hivyo. Daudi alilala chini, akafunga, akaomba siku saba, wazee wa nyumba yake wakamsihi ainuke akakataa. Mtu anayemtoa mwanawe alipie deni hafungi siku saba akiomba asilipe.

Wa pili ndio hao wa laana ya ukoo. Hawa nawaomba wasome mistari kumi tu mbele. Daudi na Bathsheba wanapata mtoto mwingine. Baba yuleyule, mama yuleyule, jumba lilelile. Anaitwa Sulemani, na hadithi inasema Mungu alimpenda. Tena Nathani yuleyule anatumwa kwa mara ya pili, safari hii ampe mtoto jina la Yedidia, maana yake mpendwa wa Bwana. Kama laana ingekuwa kitu cha damu au cha tumbo, ingemkosaje huyu? Andiko lililoletwa kuthibitisha laana ndilo linalotoa ushahidi dhidi yake.

Wa tatu ni wasomi. Wanasema siku zile mtoto wa mfalme hakuwa mtoto tu, alikuwa ni nyumba, ni ufalme, na kumpiga yeye ni kuipiga enzi ya baba yake. Maelezo haya yana mantiki. Lakini yanatueleza jinsi watu wa kale walivyofikiri, hayamjibu anayeuliza kosa la mtoto. Ukimweleza mama mfiwa hivyo atakutazama tu.

Kwa nini basi tunahangaika hivi? Nadhani ni kwa sababu ya ngano tulizolelewa nazo. Katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu waliomfanyia ndugu yao ubaya wanageuzwa manyani wao wenyewe. Adhabu inampata mkosaji, tena inampata mwilini mwake, na msomaji anafunga kitabu moyo umetulia. Ndivyo zinavyosema pia methali zetu: mchimba kisima huingia mwenyewe. Tukija na mazoea hayo kwenye Samweli wa Pili tunaona aliyeingia kisimani ni mtoto, na badala ya kushtuka tunamtafutia yeye au mama yake kosa, ili methali isiharibike. Lakini hadithi hii inakwenda na methali nyingine kabisa: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hesabu yake haikai sawa, na msimulizi hajaribu kuiweka sawa.

Ushahidi? Angalia anavyowaita wahusika. Mtoto hana jina tangu mwanzo hadi mwisho, ni "mtoto" tu. Anafariki siku ya saba. Katika desturi tunayoikuta baadaye kwenye Injili ya Luka, mtoto hutahiriwa na kupewa jina siku ya nane. Na pale hasa anapopigwa, msimulizi hasemi "mtoto wa Bathsheba". Anasema ni mtoto ambaye mke wa Uria alimzalia Daudi. Jamani, Uria amekwisha kufa, mjane ameolewa, ndoa imefungwa, kwa nini bado "mke wa Uria"? Kwa sababu msimulizi anakataa kusahau. Mfalme anaweza kubadilisha mambo kwa ndoa, hawezi kuyabadilisha katika masimulizi. Ni mpaka baada ya mazishi, Daudi anapokwenda kumfariji, ndipo kwa mara ya kwanza Bathsheba anaitwa mke wake. Mathayo naye, akiandika ukoo wa Yesu karne nyingi baadaye, anamtaja kama aliyekuwa mke wa Uria. Kwa hiyo mtoto hakuwekwa hapo kama ushahidi wa kosa lake wala la mama yake. Kila anapotajwa, kidole kinarudi kwa mfalme.

Na ukiendelea na sura zinazofuata utaona msimulizi akionyesha, hatua kwa hatua, dhambi inavyosafiri kweli. Haipiti kwenye damu. Inapita kwenye macho na kwenye amri. Amnoni, mwana wa Daudi, anamtaka Tamari dada yake kwa baba, anamtwaa kwa nguvu. Na aliyemtuma Tamari nyumbani kwa Amnoni ni Daudi, kwa kitenzi kilekile cha kutuma. Mfalme anasikia, anakasirika, hafanyi lolote. Atasema nini, na yeye ni yule wa darini? Absalomu anamlipizia dada yake kwa kumuua Amnoni, naye pia hatumii mkono wake, anawaagiza vijana wake. Baadaye anampindua baba yake, anapigiwa hema juu ya dari la jumba, na mbele ya watu wote anawaingilia masuria wa baba yake. Wanawake hao kumi, vita vilipokwisha, waliwekwa kizuizini wakaishi kama wajane hadi kufa. Absalomu mwenyewe akauawa. Marabi wa Talmudi walihesabu: mtoto mchanga, Amnoni, Tamari, Absalomu. Nne. Kondoo mmoja kalipwa mara nne, kama Daudi alivyohukumu.

Lakini tazama nani analipa. Tamari hakutenda kosa. Masuria kumi hawakutenda kosa. Mtoto hakutenda kosa. Ndiyo maana hadithi hii inatisha, na ndiyo maana ni ya kweli. Inasema matokeo ya dhambi hayagawanywi kwa haki, na dhambi ya mwenye madaraka humwagikia walio chini yake. Haisemi kwamba aliyemwagikiwa ndiye aliyetenda. Anayesoma kutoka kaburini kurudi nyuma, akimtafuta mwenye dhambi kwa kumwangalia aliyeumia, anasoma kinyume cha mwendo wa hadithi. Akianza na kaburi la Tamari atamshitaki Tamari.

Utaniambia: na ile amri ya Kutoka 20, ya uovu wa baba kuwapata wana hadi kizazi cha tatu na cha nne? Ipo, siifichi. Wafafanuzi wengi hukumbusha kwamba nyumba moja ya siku zile ilikuwa na vizazi vitatu au vinne chini ya paa moja, na kosa la mkuu wa nyumba liliwaangukia wote. Lakini Biblia hiyohiyo inabishana na jambo hili. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anaichukua methali ya watu wake kuhusu baba aliyekula zabibu chachu na meno ya mtoto yakapata ganzi, anaipiga marufuku. Yohana 9, wanafunzi wanamuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake, na jibu ni kwamba si yeye wala si wazazi wake. Mtu akituletea aya moja akaificha minne, huyo hasomi, anachagua fimbo.

Turudi kwa Nathani, maana wote wanaowavuta wafiwa pembeni hujifanya akina Nathani. Nathani alimwendea nani? Alimwendea mwenye nguvu, jumbani kwake, huku akijua anaweza asitoke. Bathsheba hakumwendea, hakumwambia hata neno moja. Alisema lini? Kabla mtoto hajaugua, na alitaja kosa lenyewe lililofanyika, hakumwambia mtu ajichunguze aone kama atalipata. Sasa anayengoja mtoto afe, kisha akamfuata mama aliyelala mkekani, asiye na jumba wala jeshi, na kosa lenyewe hana, huyo kamwiga nani? Katika hadithi nzima simwoni mhusika wa kumfananisha naye.

Mwiba wangu haujatoka. Bado hadithi inasema Mungu alimpiga mtoto, na mimi si mtu wa kuifuta sentensi hiyo kwa sababu inanikera. Nadhani kazi ya msomaji mwaminifu ni kuacha imkere. Kinachonipa nguvu ni kwamba msimulizi naye hakuilainisha. Angeweza kumpa mtoto kasoro, au kumpa mama hatia. Hakufanya.

Liko pengo moja, na hili nawaachia waandishi wenzangu. Katika sura ya 11 Bathsheba anasema jambo moja tu, kwamba ana mimba, na kwa Kiebrania ni maneno mawili. Uria alipokufa tunaambiwa aliomboleza. Lakini siku zile saba za ugonjwa wa mtoto, macho yote yako kwa Daudi: Daudi kalala chini, Daudi hali, watumishi wananong'ona wakiogopa kumwambia Daudi kwamba mtoto amekufa, Daudi anainuka, anaoga, anakula. Mama alikuwa chumba gani? Maziwa yake yalifanyaje? Nani alimpelekea habari, au naye aliisikia kwa minong'ono ya watumishi? Msimulizi kanyamaza. Tumeandika vya kutosha juu ya wafalme na toba zao. Siku saba za Bathsheba bado hazijaandikwa kwa Kiswahili chetu, na atakayeziandika vizuri atakuwa amewajibu wengi waliovutwa pembeni.